Kwa nini Mlithuania hukanusha mara mbili kwa Kiingereza

Ndugu mwalimu, umeuliza kwa nini wanafunzi wako wa Vilnius, ambao majina ya mboga wameyakariri barabara, bado husema "I don't have nothing". Chanzo ni lugha yao. Kilithuania hulazimisha kitenzi kikanushwe hata pale kiwakilishi chenyewe kinapokwisha kukanusha, hivyo "niekas nieko nežino", yaani hakuna ajuaye chochote, hubeba vikanushi vitatu bila kosa lolote, ilhali Kiingereza sanifu hutosheka na kimoja: "nobody knows anything". Isitoshe, "niekas" humhusu mtu na kitu vilevile, ndiyo maana "nobody" na "nothing" hubadilishana nafasi vinywani mwao. Hapo ndipo ningekaa muda mrefu zaidi.

Mboga zifanye malighafi ya zoezi. Wape viungo vya šaltibarščiai, supu yao baridi ya bitiruti na matango (ambayo, kwa kweli, ni ya waridi kupita kiasi), kisha uondoe kimoja kimoja. "Nėra agurkų" itakuwa "there are no cucumbers", na ukiuliza yamebaki mangapi, jibu ni "none" peke yake, bila nomino kufuata.