Flashi za studio: kimshale kiko katikati ila uso unaungua

SWALI: Mambo fundi, nina flashi mbili za studio na triga yake (kile kifaa cha kuziamuru zipige). Naweka kamera manyuo (seting zote napanga mwenyewe), nacheza na seting mpaka kimshale cha mita kikae katikati, nikipiga uso unatoka mweupe pee. Nikapandisha shata (kasi ya kufungua na kufunga) mpaka 1/500 ya sekunde, picha ikakatika, upande mmoja mweusi. Tatizo nini?

JIBU: Poa kaka. Mita ya kamera inasoma mwanga uliopo kabla hujabonyeza, yaani balbu za chumbani na ile taa ya flashi ya kuangalizia vivuli, flashi yenyewe bado haijapiga sasa itaisomaje? Achana na hicho kimshale.

Shata nayo haipunguzi flashi, maana flashi inawaka na kuzima fasta kabla shata haijafunga, unachopunguza ni mwanga wa chumba tu. Na kamera nyingi mwisho wake na flashi ni 1/200 au 1/250, shata ina mapazia mawili, ukizidisha pazia la nyuma linaanza kufunga wakati la mbele halijamaliza kufungua, ndo huo weusi wako.

Anza na ISO 100 (wepesi wa kamera kupokea mwanga), shata 1/125, f/8 (uwazi wa lenzi, namba ikikua uwazi unapungua), zima triga upige moja. Ikitoka nyeusi tii safi sana, chumba hakiingilii.

Kama unaweza kupata mita ya mkononi ya kupimia mwanga, chukua, mi naona ina faida kuliko hata lenzi mpya. Iweke kwenye hali ya kupima flashi, ingiza ISO na shata, ishike chini ya kidevu cha modo, kale kakuba keupe kaangalie kamera, piga flashi. Ikisema f/11 na wewe uko f/8, mwanga umezidi mara mbili, shusha nguvu ya flashi iwe nusu, pima tena. Pima taa moja moja, nyingine imezimwa: kuu f/8, ya kujazia f/5.6, vivuli vitabaki ila sio vikali. Halafu mita hii inapima mwanga unaomfikia mtu, sio unaorudi, kwa hiyo suti nyeusi au shela jeupe haviichanganyi.

Huna? Piga za majaribio uangalie histogramu (ule mchoro wa kamera, giza kushoto, mwanga kulia), usiamini skrini maana mwangaza wake unabadilika. Rangi zikigonga ukuta wa kulia, punguza nguvu.

Modo mbandikie tepu sakafuni asimame hapohapo, akienda umbali mara mbili kutoka kwenye taa anabaki na robo tu ya mwanga, hizo ni stopu mbili zimeondoka (kila stopu inakata mwanga nusu), na vipimo vyote unaanza upya.