Gunia halinisumbui, chuma kinaniumiza mgongo

SWALI: Kocha, shikamoo. Mimi ni mpakiaji pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza, nina miaka 24. Magunia ya dagaa napakia kutwa nzima na mgongo hauniambii kitu. Jioni napiga tizi na wenzangu kwenye jimu ya mtaani, Igogo. Vyuma vyetu ni bomba nene na pleti alizotutengenezea fundi wa kuchomelea, kila pleti ina upana wa sentimita 30. Shida ni dedilifti, yaani kunyanyua chuma kutoka sakafuni mpaka usimame wima. Nikifika kilo 80 mgongo unauma chini, juu kidogo ya makalio, na kesho yake asubuhi kuinama kunawa uso ni kazi. Maumivu hayashuki mguuni. Wenzangu wanasema mgongo wangu ni dhaifu, ninunue mkanda wa kufunga kiunoni. Ninunue?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hela ya mkanda itunze kwanza. Na hilo neno "dhaifu" usilipokee, maana mtu anayepakia magunia kutwa hana mgongo dhaifu. Tatizo umeshaliandika mwenyewe kwenye swali lako: sentimita 30.

Nimesimama mara nyingi pale Mwaloni malori yakipakiwa, na kuna jambo mnalifanya vizuri sana bila kufundishwa na mtu. Mpakiaji hainui gunia likiwa mbali naye. Analivuta mpaka limguse miguu, analikumbatia, analipandisha pajani, kisha tumboni, ndipo mwenzake anamsaidia kulitupia begani. Mzigo na mwili haviachani. Ukitaka kuona maana yake, chukua ndoo ya lita 20 iliyojaa maji uikumbatie kifuani, halafu jaribu kuisogeza mbele kwa mikono iliyonyooka. Maji ni yale yale, kilo 20, lakini kiuno kitalalamika papo hapo. Mgongo haubebi kilo peke yake, unabeba na umbali.

Sasa njoo kwenye bomba lenu. Pleti kubwa za mashindano zina upana wa sentimita 45, kwa hiyo chuma kikiwa chini kinakaa sentimita 22.5 kutoka sakafuni. Lenu linakaa sentimita 15. Hizo 7.5 zinazopungua usizidharau. Ukiinama kuzifuata, nyonga inafika mwisho wa uwezo wake wa kukunja na misuli ya nyuma ya paja inakaza kama kamba ya mtumbwi. Kinachobaki cha kukunjika ni mgongo wa chini. Ukiamua kuchuchumaa badala ya kuinama, magoti yanatoka mbele na kulisukuma bomba mbali na miguu. Kwa vyovyote unaumia.

Kwa hiyo inueni pleti. Tafuteni vipande viwili vya mbao ngumu vyenye unene wa sentimita 7.5, kimoja kila upande, na mpigilie kijiti pembeni ili pleti isiviringike. Pimeni kwa futi kamba kutoka pale unaposimama mpaka katikati ya bomba, ikisoma 22.5 mmemaliza. Na kwa kuwa Mwaloni mizani haikosekani, pimeni bomba na kila pleti. Pleti za kuchomelea zinaweza kutofautiana hata kama fundi alikusudia zilingane, na upande mmoja ukizidi kilo mbili tatu, mgongo unavutwa kwa mshazari kila unaponyanyua.

Ukishaweka mbao, simama miguu ikiwa na upana wa nyonga, bomba likiwa juu ya fundo la kamba za viatu. (Raba zenye soli laini za kukimbilia vua. Ni bora peku, kama sakafu ni safi.) Inama ulishike bomba bila kulisogeza. Kisha kunja magoti mpaka ugoko uliguse, na uishie hapo hapo, usishuke zaidi. Toa kifua mbele. Vuta pumzi ijae tumboni, sio kifuani, na ukaze tumbo kama mtu anayesubiri kupigwa ngumi.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, nami nakuomba upachukulie taratibu: usilinyakue bomba. Livute kidogo kidogo mpaka usikie mikono imenyooka na pleti zimeanza kuwa nyepesi juu ya mbao, lakini hazijaachana nazo. Ukisikia hivyo, sukuma sakafu kwa miguu kana kwamba unaizamisha. Nyonga na mabega viinuke pamoja. Makalio yakitangulia na kifua kikabaki chini, kilo ni nyingi, punguza. Bomba lipande likikwaruza suruali kuanzia ugokoni mpaka pajani, kama gunia linavyokukwaruza kazini. Kushusha, rudisha makalio nyuma kwanza. Magoti yakunje baada ya bomba kuyapita.

Mgongo ukishaacha kuuma asubuhi, anza na kilo 50, mara tano kwa seti tatu, siku moja kwa wiki. Ukiongeza kilo 5 kila wiki, baada ya wiki sita uko 80. Wiki ambayo mkao wa kunyanyua umeharibika usiongeze kitu.

Chagua siku ya mapumziko. Hili nalisisitiza kuliko yote, kwa sababu wapiga tizi wengi hawafanyi kazi kama yako. Dedilifti ya saa kumi na mbili jioni, baada ya lori zima la dagaa, inaukuta mgongo umeshachoka, na mgongo uliochoka hujikunja bila kukuaga. Siku za kazi piga kifua na mabega, miguu na mgongo wa chini viache.

Kuhusu mkanda: haushiki uti wa mgongo. Kazi yake ni kulipa tumbo kitu cha kusukumana nacho, na asiyejua kujaza pumzi tumboni haumsaidii. Jifunze pumzi kwa miezi michache, kisha tutazungumza.

Maumivu yakianza kushuka mguuni, mguu ukifa ganzi au kulegea, acha vyuma uende hospitali ukapimwe. Ukishindwa kukojoa, au ukipata ganzi sehemu ya makalio na katikati ya mapaja, nenda siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Mwenzako mmoja akupige video kwa simu kutoka ubavuni, simu ikiwa usawa wa goti. Tazama bomba peke yake: lipande wima, bila kuyaacha mapaja.