Kona ya Sheria: Miaka 30 mara tatu, atatumikia 90?

SWALI: Habari za kazi. Mdogo wangu ametiwa hatiani na mahakama ya wilaya kwa makosa matatu ya unyang'anyi wa kutumia silaha. Walivamia mtumbwi mmoja ziwani usiku, wakawapora wavuvi watatu mashine ya boti, simu na fedha. Kapewa miaka 30 kwa kila kosa. Hakimu hakusema kama vifungo vitakwenda pamoja. Hukumu ina wiki tatu sasa, naye yuko gereza la Butimba. Ni miaka mingapi hiyo?
– Msomaji, Mwanza

JIBU: Kwa ilivyo sasa ni 90, pole sana. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inasema vifungo vya kesi moja hufuatana, kimoja kikiisha ndipo kingine kianze, isipokuwa mahakama iamuru viende pamoja. Hakimu akinyamaza, vinafuatana. Hata hivyo, soma kwanza nakala ya hukumu yenyewe na hati ya kifungo iliyopelekwa gerezani. Yanayosikika kizimbani siyo yote yanayoandikwa.

Rufaa inakwenda Mahakama Kuu, Kanda ya Mwanza. Kusudio la kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 10 tangu hukumu, na sababu za rufaa huwasilishwa ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala za mwenendo wa kesi na hukumu. Siku 10 zimeshapita, kwa hiyo ulizia gerezani leo hii kama alitoa kusudio. Mfungwa hupitisha karatasi zake kwa mkuu wa gereza. Hana haja ya kutoka. Kama hakutoa, aombe Mahakama Kuu imwongezee muda, kwa kiapo cha maandishi kinachoeleza kila siku ya ucheleweshaji. Akidai gereza ndilo lililochelewesha, kiapo cha ofisa wa gereza kitamsaidia sana.

Sasa sababu zenyewe. Wafungwa wengi huandika "adhabu ni kubwa mno" na kuishia hapo. Kwa kosa hili hoja hiyo haifiki popote: miaka 30 ndicho kiwango cha chini kisheria, majaji hawawezi kushuka chini yake. Kinachopingwa hapa ni mpangilio wa vifungo. Aeleze kwamba makosa yote matatu yalitokana na tukio moja, usiku mmoja, mtumbwi mmoja, na kwamba katika hali hiyo kanuni ya kawaida ni mahakama kuamuru vifungo viende pamoja. Mahakama inayosikiliza rufaa haigusi adhabu kwa huruma tu. Hugusa pale hakimu alipokosea kanuni, alipopuuza jambo la msingi, au adhabu ilipopita kiasi dhahiri. Kama uvamizi ungekuwa wa siku tofauti kwa mitumbwi tofauti, hoja hii ingelegea.

Hoja hii iandikwe peke yake, hata kama anapinga pia kutiwa hatiani. Asiiweke akiba ya Mahakama ya Rufani, iliyo juu ya Mahakama Kuu: huko, katika rufaa ya pili, ukubwa wa adhabu hausikilizwi, zinasikilizwa hoja za kisheria tu.

SWALI: Mrufani, yaani aliyekata rufaa, anaweza kuongezewa adhabu?

JIBU: Ndiyo, Mahakama Kuu ina uwezo huo, ila lazima impe kwanza nafasi ya kujieleza.