Maswali ya Wasomaji: Gari Dogo la Kubebea Magari

SWALI: Ndugu wahariri, salaam. Nataka kununua Canter au Isuzu ya tani 2 niifanye bredauni: nibebe magari yaliyoharibika hapa mjini, na mara mojamoja nishuke Dar es Salaam kuchukua magari ya watu bandarini. Fundi wangu anasema niangalie injini tu, bodi atanichomelea mwenyewe. Mnasemaje? – Msomaji, Mbeya

JIBU: Fundi wako hajakosea, ila ameanzia katikati. Injini ya 4D33 ya Canter au 4HF1 ya Isuzu mafundi wanaijua, na ikiwa nzima haitashindwa kubeba gari dogo. Magari haya huuawa na uzito: umezidi, au umekaa mahali pasipo pake. Kwa hiyo shika kalamu kabla ya kushika pochi.

Chukua uzito wa juu aliouruhusu mtengenezaji, yaani gari na mzigo kwa pamoja. Toa uzito wa kabini na chasi, toa bodi, toa mafuta, watu na vifaa. Kinachobaki ndicho unachoweza kubeba. Tuseme gari limeruhusiwa kilo 5,000. Kabini na chasi kilo 2,300, bodi ya chuma isiyosogea kilo 800, watu wawili, dizeli, winchi ya kuvutia magari na vifaa kilo 350. Zimebaki kilo 1,550. IST ya tani moja unaibeba, Noah unaibeba kwa kubanabana, Prado ya tani 2 na ushee huigusi. Land Cruiser 200, yenye tani 2 na nusu na zaidi, usiiwaze. Na ukitaka bodi ya haidroliki inayoteleza hadi chini, yenyewe inaweza kufika kilo 1,500, na hesabu yako ya tani 2 imekufa hapo hapo.

Ushauri wetu: achana na gari la tani 2. Tafuta chasi pana ya daraja la kilo 7,500 hadi 8,000, gari na mzigo kwa pamoja, na ukiweza, agiza iliyokuja na bodi ya kuteleza kutoka kiwandani Japani. Ni ghali kuinunua, lakini pampu, mabomba na fremu vilipangwa pamoja. Idadi ya kilo iliyoandikwa nyuma ya bodi iamini pale tu ambapo bodi ni ile ile ya mwanzo. Bodi ikibadilishwa, namba ile imebaki pambo. Lipeleke gari tupu kwenye mizani ulipime, kila ekseli peke yake.

Wapo watakaokwambia uongeze pleti mbili za springi. Springi zitanyanyuka, ndiyo, na gari litapendeza. Lakini ekseli, beringi, ngoma za breki na tairi hazijaongezeka hata kilo moja. Tairi ya 195/85R16 yenye alama ya uzito 114/112 hubeba kilo 1,120 ikiwa imefungwa mbili mbili, kwa hiyo nne za nyuma ni kilo 4,480, zikiwa na upepo kamili. Magari yenye tairi ndogo za nyuma yana bodi ya chini inayorahisisha kupakia, ila ngoma zake za breki ni ndogo na hupata moto upesi. Kwa kazi ya mjini yanafaa. Kwa barabara ya Dar hadi Mbeya tungechukua tairi kubwa. Kitonga, ule mlima mkali wa Iringa, utaipanda ukiwa na mzigo na kuishuka mtupu, heri hiyo. Lakini miteremko mingine njiani haitakuuliza unatoka wapi.

Ukiamua kuchomelea bodi hapa, msimamie fundi kwenye mambo haya. Asitoboe wala kuchomelea mbavu ya juu na ya chini ya chasi, kwa sababu ndizo zinazobeba mkunjo. Bolti zipite kwenye ubavu wa kati. Kati ya chasi na fremu ya bodi aweke mbao ngumu au mpira, chuma kisisagane na chuma. Ncha ya mbele ya fremu, nyuma ya kabini, aikate mshazari iishe taratibu. Ikikatwa wima, nguvu zote za mkunjo hukusanyika mstari mmoja, na hapo ndipo chasi hupasuka. Kabla ya kuchomelea chochote, avue nyaya za betri.

Halafu ngazi za kupandishia. Bodi ikiwa mita moja kutoka ardhini na ngazi ni za mita 2, mwinuko ni nyuzi 30: gari la chini litakwaruza bampa mwanzoni na tumbo mwishoni. Lenga nyuzi 12. Kwa bodi ya mita moja hiyo ni ngazi ya karibu mita 5, isiyobebeka. Dawa yake ni kuinamisha mkia wa bodi: mita 1.2 za mwisho zishuke sentimita 20, ubaki na sentimita 80, na ngazi za mita 4 zitatosha. Ziwe na ndoano zinazofungika kwa pini. Ngazi iliyoegeshwa tu huruka nyuma tairi linaponasa.

SWALI: Winchi ya paundi ngapi inatosha? Nimeuziwa ya volti 12 nikaifunga kwenye betri moja ya Isuzu yangu. Inavuta vizuri, ila sasa betri moja inakufa kila wiki na nyingine inachemka. – Msomaji, Morogoro

JIBU: Ugonjwa umeshautaja mwenyewe. Gari lako ni la volti 24, betri mbili kwa mfuatano. Winchi inanyonya moja tu, na alteneta inazichaji zote mbili kwa pamoja kama betri moja. Iliyonyonywa haijai, iliyojaa inazidishiwa hadi maji yake yachemke. Kununua betri mpya hakutasaidia. Badilisha winchi iwe ya volti 24. Utafaidi jambo la pili pia: winchi ya paundi 9,500 ya volti 12 inaweza kula zaidi ya ampia 400 ikielemewa, ya volti 24 karibu nusu yake. Tumia nyaya nene za milimita 50 za mraba, na uweke swichi kuu ya kukatia umeme mahali mkono unapofika. Rilei ya winchi, yaani swichi yake ya umeme, ikigandana, winchi huendelea kuvuta hata ukiachia kitufe, na hapo ni swichi hiyo tu itakayokuokoa.

Kuhusu nguvu: gari la kilo 2,000 likibingirika vizuri kwenye mwinuko wa nyuzi 12 linahitaji mvuto wa kilo 450 hivi. Likiwa limejifunga magurudumu yote, likiburutwa juu ya chuma, ni kilo 1,600 na kuendelea. Paundi 9,500 ni kama kilo 4,300, lakini namba hiyo ni ya waya ukiwa safu ya kwanza kwenye ngoma. Kila safu inayoongezeka hupunguza nguvu. Kwa gari zito pitisha waya kwenye kapi iliyofungwa kwenye gari hilo, urudishe ndoano kwenye bodi yako: mvuto unakaribia kuwa mara mbili, mwendo unakuwa nusu. Bakiza mizunguko mitano ya waya kwenye ngoma daima, tupia gunia juu ya waya unapovuta, na asisimame mtu kwenye mstari wake.

SWALI: Nikibeba gari, usukani unakuwa mwepesi na mkia unayumba. Nimebadilisha shokapu, wapi! – Msomaji, Singida

JIBU: Waachie shokapu mapumziko. Mzigo wako umekaa nyuma ya ekseli. Tuseme kati ya ekseli za gari lako ni mita 3.85, na uzito wa gari ulilobeba, kilo 2,000, una kitovu sentimita 40 nyuma ya ekseli ya nyuma. Ekseli ya mbele inapoteza kilo 208 hivi. Sogeza kitovu hicho kiwe sentimita 50 mbele ya ekseli ya nyuma, na mbele utaongeza kilo 260. Gari dogo lenye injini mbele lipakie pua ikitangulia kuelekea kabini. Bodi ikiwa fupi kiasi kwamba halisogei zaidi, hilo si gari lako la kubeba.

Na uchunguze umefungaje. Mikanda ya milimita 50, minne, kila mmoja ukikumbatia tairi lake. Ukifunga kwenye bodi ya gari ulilobeba, springi zake zitabonyea kwenye tuta, mkanda utalegea, ndoano itachomoka. Simama baada ya kilomita 10 ukaze tena.

SWALI: Gari la otomatiki limezima kabisa, gia imeganda kwenye P, ile ya kuegeshea. Naruhusiwa kulivuta hivyo hivyo? Na je, naweza kuliwasha kwa betri za Canter yangu? – Msomaji, Tanga

JIBU: Usilivute. Magari mengi ya otomatiki yana kitundu kidogo kando ya gia chenye kifuniko: fungua, bonyeza ndani kwa bisibisi, kanyaga breki, peleka N, yaani gia huru. Likiwa la gia ya kitufe halina kitundu; lipe umeme kwanza. Ikishindikana, inua magurudumu yaliyofungwa, yawekee vitoroli vidogo vya magurudumu, kisha vuta kwa ndoano ya kuvutia iliyo kwenye buti pamoja na jeki. Kwenye baadhi ya magari ndoano hiyo hufungwa kwa kuzungushwa kinyume, kwa hiyo usiilazimishe.

Kuwasha, ndiyo, lakini kwa betri moja tu, ile ambayo hasi yake imeungwa kwenye chasi. Zima injini ya Canter kwanza. Ukiunga volti 24 kwenye gari la volti 12 utaunguza kompyuta yake, na kompyuta hiyo utailipa wewe.