Nani anasimulia? Soma hii kabla hujaficha mwizi kwenye stori yako

Nyinyi mnaoanza kuandika hadithi fupi za mafumbo, hizi za nani kaiba nani kaua, kuna jambo limenichukua miaka kulielewa na nikiwapa leo huenda mkaokoa drafti mbili tatu. Tunahangaika sana na kuficha mwizi, wakati kazi kubwa iko kwa yule tuliyempa kusimulia: amesimama wapi, na kutoka pale aliposimama haoni nini.

Niliandika stori ya harusi Kibokoni, mtaa wa hapa Mombasa. Mkufu wa dhahabu wa bi harusi umepotea usiku wa kuamkia siku yenyewe, nyumba imejaa, mashangazi wametoka Lamu, wapishi wako uani na masufuria ya biriani, alafu mwisho unakuja kujua mkufu kautoa bi harusi mwenyewe, kampa kakake akalipe deni. Drafti ya kwanza nikaandika nafsi ya tatu, msimulizi ajua yote, naingia kichwani kwa mama natoka, naingia kwa mpishi, kwa shangazi, kwa bwana harusi, kila mtu tunasikia roho yake inavyomwenda mbio. Bi harusi tu ndo sikumuingia, manake ningemuingia ningetoboa siri. Dadangu alisoma kurasa mbili huku akikaanga viazi karai, akasema "ni bi harusi." Nikamuuliza umejuaje.

"Wote wawaza isipokuwa yeye."

Nikarudi nikampa bi harusi asimulie mwenyewe, mimi mimi mwanzo mwisho. Pale kisanduku kinapofunguliwa nikaandika "nilishtuka kuona hamna kitu." Dadangu tena: "Sasa huyu si yuwajua? Ashtuka nini?" Na kweli, huo ulikuwa uongo wangu wala sio wa bi harusi. Mtu akisema mimi, msomaji anahisi kakaribishwa mpaka chumbani. Unaweza kumnyima kitu, mhusika anaweza kuruka jambo au kulipitia juu juu, lakini ukimpa moyo wa bandia atakasirika na ana haki. Ningeandika "nilifungua kisanduku mbele ya mama nikamtazama usoni," sentensi ni ya kweli kabla hujajua na inabaki ya kweli ukishajua. Agatha Christie ndo alicheza hivi kwenye The Murder of Roger Ackroyd (kitabu cha 1926 hicho, muda wa kumfichia mtu ushapita): aliyeua ndiye anayesimulia, na ukirudia kusoma unakuta sentensi zake zina matundu, uongo huupati. Lakini hiyo ni kazi ngumu, usianze nayo.

Drafti ya tatu nikampa binti wa miaka tisa, yule wa kutumwatumwa na sinia. Kipande kilikuwa hivi (Da Mwana ndo bi harusi, Fahmi ndo kakake):

"Da Mwana aliniita ghorofani akanipa leso imefungwa fundo, nzito kidogo, akasema mpelekee kaka Fahmi kwenye tuktuk, na usifungue njiani. Nikajua ni kaimati. Nikanusa. Hazikunukia."

Mtoto hajaficha chochote hapo, kasema kila alichokiona, ila hajui alichokiona ni nini. Msomaji anashtukia mapema kidogo, na mimi sijali, kwa sababu swali linahama, mwanzo alikuwa anauliza nani na sasa anauliza kwa nini, na hilo mtoto hawezi kumjibu hata akitaka.

Mambo ya Watson ni hayohayo. Hadithi fupi za mpelelezi Sherlock Holmes alizoandika Conan Doyle ni 56 na karibu zote anasimulia rafikiye Watson, ambaye yuko chumba kimoja na Holmes, anaona tope lilelile la kiatu, na halimwambii kitu. Mwaka 1926 Holmes akapewa kalamu mwenyewe kwenye The Blanched Soldier, na mlemle ndani analalamika kwamba anamkosa Watson, kwamba maswali na mshangao wa yule ndo ulikuwa unafanya akili ya kawaida ionekane muujiza.

Kuna msimulizi mwingine sisi wa Mombasa tunaye bure kabisa na sijui kwa nini hatumtumii: baraza. Yaani "sisi." Sisi tuliokaa nje na kahawa chungu tuliona tuktuk ikisimama mara mbili, tuliona taa ya ghorofani ikizimwa ikawashwa, na kabla ya adhana ya alfajiri tulishamjua mwizi, alikuwa mpishi. Utamu wa baraza ni kwamba lina uhakika, na lina uhakika wa makosa. Lakini angalia, baraza haliingii ndani. Ukiandika maneno aliyoyasema mama chumbani lazima kuwe na mtu aliyeyatoa nje, na aliyeyatoa kayaongezea chumvi, kwa hiyo yaandike yakiwa na chumvi yake.

Nafsi ya pili, "wewe unaingia, wewe unaona," nimejaribu mara moja ikanichosha mimi mwenyewe.

Na uamue mtoto anasimulia akiwa na miaka tisa au akiwa mtu mzima anakumbuka, manake mtu mzima ashajua mwisho. Kwenye drafti yangu nilikuta "baadaye nilikuja kujua" mara sita, nikazifuta zote.

Siku hizi kabla sijaandika nachora nyumba kwenye karatasi, ngazi, uani, baraza, alafu naweka alama msimulizi yuko wapi kila saa. Ndo nikagundua yule binti alikuwa amelala kuanzia saa tisa usiku, na ndo wakati kaka mtu alirudi, kama alirudi. Nikapaacha hivyohivyo, binti anaamka na mkufu uko shingoni mwa bi harusi. Dadangu mpaka leo aniuliza ni ule ule?