Saa za dereva wa masafa marefu: hesabu ya Dar hadi Tunduma

Dereva mgeni kwenye barabara ya Dar es Salaam–Tunduma, mpakani na Zambia, hupiga hesabu hivi: njia ni kama kilomita 930, roli linaruhusiwa kwenda 80 kwa saa, basi saa kumi na mbili zinatosha. Hazitoshi. Semi yenye mzigo, kwenye njia hii ya mizani, matuta, vijiji vya mwendo wa 50 na milima, hutembea wastani wa kilomita 45 hadi 50 kwa saa, na hapo bado hujala wala hujalala. Saa kumi za usukani zinakutoa Dar na kukufikisha Iringa, kama kilomita 500. Kesho yake unabaki na zipatazo 430 hadi mpakani. Hii ni safari ya siku mbili, na anayekuambia uifanye kwa siku moja anakuomba utoe usingizi wako.

Kukanyaga mafuta hakusaidii sana. Kilomita 100 kwa mwendo wa 70 ni dakika 86, kwa mwendo wa 80 ni dakika 75. Umeokoa dakika 11. Hata kama ungeshika 80 njia nzima, jambo ambalo haliwezekani, ungepata saa moja na dakika 40 tu. Ekseli moja ikizidi uzito kwenye mizani inakula siku nzima. Muda wa dereva unapotea gari likiwa limesimama, na hapo ndipo pa kubana.

Tuanze na mizani, maana ziko nyingi: Vigwaza, Mikese, Wenda, Makambako, Uyole, Mpemba. Sheria ya uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki haitazami jumla peke yake, inatazama kila kundi la ekseli. Kichwa chenye difu mbili, yaani ekseli mbili za nyuma zinazosukuma gari, kikivuta trela ya ekseli tatu kinaruhusiwa tani 8 mbele, tani 18 kwenye difu na tani 24 kwenye trela, jumla tani 50. Unaweza kuwa na jumla ya tani 48 na bado ukazuiwa kwa sababu difu zimebeba 19. Hilo hutokea mzigo ukirundikwa mbele ya kontena. Matangi ya mafuta nayo yamo kwenye hesabu: dizeli ya lita 600 ni kama nusu tani, na sehemu kubwa ya uzito huo inakaa kwenye kichwa. Ukijua uko ukingoni, usijaze mafuta ya kwenda na kurudi pale Dar.

Mzigo wa transiti, yaani unaopita kwenda nchi nyingine, una lakiri ya forodha. Huwezi kufungua kontena na kusogeza mifuko kwa sababu mizani imekukataa. Lazima maofisa wawepo, vibarua watafutwe, lakiri ifungwe upya. Kwa hiyo pima kabla hujatoka mjini, dai karatasi inayoonyesha kila kundi la ekseli, na ukiona kasoro rudi kwa aliyekupakia wakati yeye na vibarua wake bado wapo. Hapo hapo linganisha namba ya kontena na namba ya lakiri na zile zilizo kwenye karatasi zako, herufi kwa herufi. Tarakimu moja iliyokosewa bandarini hugunduliwa Tunduma, na marekebisho yake huanzia Dar.

Jambo la pili, ambalo naliona kubwa kuliko yote: kagua gari jioni, usisubiri alfajiri. Wengi hufanya kinyume. Ukigundua bomba la upepo linavuja saa 11 jioni, fundi yupo, duka la spea liko wazi, na utalala gari likiwa zima. Ukigundua saa 10 alfajiri, unakaa mpaka saa 2 au 3 asubuhi maduka yafunguliwe, na zile saa nzuri za barabara zimekwenda.

Jioni gari lina faida nyingine: bado lina moto, na moto husema ukweli. Mara unapoegesha, kabla hata ya kuagiza chakula, zunguka matairi yote ukisogeza mgongo wa kiganja karibu na kila habu, kile kitovu cha gurudumu, usiguse. Zote zinapaswa kuwa na joto linalokaribiana. Habu moja ikichoma kuliko wenzake, ama breki inashika bila kuachia ama beringi inaanza kufa. Ikiwa ya baridi wakati nyingine zina moto, breki ya tairi hilo haifanyi kazi, na wenzake ndio wanaoibeba. Endelea na matairi: piga kila moja kwa rungu na sikiliza, lenye upepo hurudisha mlio mkavu, lililolegea hutoa mlio mzito. Ondoa mawe yaliyobanwa katikati ya matairi mawili. Tazama nati, mstari wa kutu unaotiririka kutoka kwenye nati ni dalili kwamba imelegea. Toa maji kwenye matangi ya upepo. Kazi yote ni dakika 25 ukiwa na utingo anayeijua.

Alfajiri unabaki na mambo machache: oili, maji ya rejeta, taa zote, lakiri ipo kama ulivyoiacha, na mafuta hayajanyonywa usiku. Upepo wa matairi ndio pekee unaopimwa kwa geji asubuhi, kwa sababu tairi lenye moto husoma juu kuliko ilivyo. Matairi mengi ya semi yako kati ya psi 100 na 120. Soma ubavuni mwa tairi, kisha fuata alichoagiza mwenye gari kwa uzito uliobeba. Usitoe upepo kwenye tairi lenye moto hata ukiona namba imepanda. Likipoa litakuwa chini ya kiwango, na tairi lenye upepo mdogo ndilo linalopata moto na kupasuka.

Sasa saa ya kuondoka. Ukitoka Dar saa 10 alfajiri unaivuka Kimara, Mbezi na Kibaha kabla ya foleni ya watu wanaowahi kazini. Ukitoka saa 1 asubuhi, kipande hicho hicho kinaweza kukula mara mbili ya muda. Mchana unapita hifadhi ya Mikumi kukiwa na mwanga, ambako mwendo una ukomo wake na kugonga mnyama kuna faini. Kisha unafika mlima Kitonga kabla ya jua kuzama. Kwa kipande cha Ruaha Mbuyuni hadi Ilula usihesabu kilomita kabisa, tenga muda. Roli lenye mzigo linapanda kwa gia ndogo, taratibu kama mtu anayetembea haraka, na likifa moja kwenye kona, barabara nzima inasimama. Beba lita tano za maji na chakula kisichohitaji jiko kabla hujaingia. Ukiwa unarudi unashuka, chagua gia kabla ya mteremko kuanza na uiachie breki ya injini kazi. Anayekanyaga breki mfululizo ili aokoe dakika kumi hufika chini na ngoma za breki zinazotoa moshi, na huko hakuna cha kumsimamisha.

Siku ya pili ina kipingamizi chake. Mafinga, Makambako na nyanda za Mbeya huwa na ukungu mzito asubuhi, hasa miezi ya baridi, Juni na Julai. Kama huoni mita 50 mbele, kuondoka alfajiri hakuna maana. Lala saa moja zaidi, uifidie jioni.

Kuhusu usingizi, tafadhali sikiliza hapa. Mwili una vipindi viwili vya kudai haki yake: saa 8 usiku hadi alfajiri, na tena saa 8 hadi 10 mchana. Hakuna kahawa, mirungi wala muziki unaoviondoa. Kwa mwendo wa 80, kusinzia sekunde nne ni mita 89 gari likienda bila mtu. Ulaya sheria inamtaka dereva apumzike dakika 45 baada ya saa nne na nusu za usukani, na kipimo hicho kinafaa huku kwetu pia. Egesha ukiwa bado na akili timamu, kunywa kahawa, halafu lala dakika 20. Kahawa huanza kufanya kazi karibu na muda huo huo, kwa hiyo unaamka vyote viwili vikiwa vimekusaidia. Ukilala zaidi ya nusu saa mchana unaamka mzito, na unahitaji robo saa nyingine kabla ya kushika usukani.

Kusimama nako kuna hesabu. Kusimama mara sita kwa dakika kumi kunakula zaidi ya saa moja, kwa sababu kila mara unatoka barabarani, unatafuta pa kuegesha na kuipandisha tena gari mwendo. Unganisha: mafuta, chakula, kuchimba dawa na kuzunguka matairi vifanyike kituo kimoja. Katika kila siku ya safari acha saa mbili ambazo hujazipangia kitu chochote. Tairi likipasuka, saa hizo zipo. Lisipopasuka, unafika mapema na kulala.

Mwambie tajiri wako muda kwa mapana. "Nitafika Tunduma kesho kati ya saa 9 alasiri na saa 2 usiku" ni kauli ya kweli. "Nitafika saa 10" ni ahadi itakayokusukuma kwenye kona za Mlima Nyoka. Na ukichelewa, piga wewe kwanza, taja ulipo na sababu. Tajiri anayepata habari mapema anampigia wakala wa forodha, wakala anapanga upya.

Wakala ndiye anayeamua utalala Tunduma usiku mmoja au wiki. Nyaraka za upande wa Zambia ziingizwe ukiwa njiani. Ukiwa Makambako mpigie umuulize mambo matatu: tamko la forodha limesajiliwa, kodi imelipwa, namba yake ni ipi. Akisema "tunashughulikia", lala Mbeya kwenye yadi yenye ulinzi; ni bora kuliko kukesha kwenye foleni ukilinda tangi. Kagua pia pasipoti, kadi ya homa ya manjano na bima ya COMESA: zisiishe muda kabla ya siku utakayorudi, sio siku utakayovuka.

Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja, na simu hubadilika yenyewe ikishika mtandao wa upande wa pili, mara nyingine hata ungali Tunduma. Miadi ya kushusha iandike kwa saa 24 na jina la nchi: "14:00 Zambia". Kwetu hiyo ni saa 9 alasiri. Wakati wa kurudi, toa saa hiyo kwenye hesabu: ukivuka saa 15:00 ya Nakonde, upande wa Zambia, Tunduma ni saa 10 jioni tayari, na umebaki na saa mbili na ushee za mwanga, zinazotosha kufika Mlowo lakini si za kujaribu kumaliza Mbeya kabla ya giza.