Kabla ya Kuomba Ushauri, Andika Kwanza Unachofikiri

Akili za kuambiwa changanya na zako. Nauamini usemi huu, ila wanaoutaja huishia hapo, kana kwamba kuchanganya ni kazi nyepesi. Ya nani uichukue, na kwa kiasi gani? Rafiki anakwambia acha kazi, dada yako anakwambia vumilia, na wewe mwenyewe moyo unakupeleka kwingine kabisa. Wengi hapo huhesabu vichwa wakafuata upande wenye watu. Wengine husikiliza wote kwa adabu, kisha wakafanya walilokusudia tangu mwanzo. Nimekuwa mwalimu kwa miaka mingi, na nimeona njia zote mbili zikiwatesa wenzangu na hata wanafunzi wangu.

Kila anayekuja kuniuliza jambo zito humwomba kwanza karatasi. Kabla hujamweleza mtu yeyote, andika unaelekea wapi, kwa nini, na unaogopa nini. Mistari michache tu inatosha. Usipofanya hivyo, ukishaongea na watu wanne hutaweza tena kutenganisha lako na la kuazima.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mwanasaikolojia Solomon Asch alifanya majaribio yanayolionyesha hili vizuri. Aliwaketisha watu pamoja, akawaonyesha mistari iliyochorwa, akauliza upi una urefu sawa na mwingine. Jibu lilikuwa wazi kabisa machoni. Lakini waliokuwemo chumbani, isipokuwa mmoja, walikuwa wamepangwa mapema watoe jibu moja la makosa kwa sauti. Takriban theluthi moja ya majibu ya yule asiyejua mpango yalifuata kosa la wenzake, na kama robo tatu ya waliojaribiwa walifuata kundi angalau mara moja. Akiwepo hata mtu mmoja wa kusema kweli, kufuata huko kulipungua sana. Kulipungua pia pale mhusika alipoandika jibu lake badala ya kulitamka mbele ya wote. Mimi hiyo ya kuandika ndiyo inayonigusa zaidi, kwa sababu ni kinga ambayo kila mtu anaimudu.

Wengi wanaweza pia kuwa sahihi kwa namna ya kushangaza. Mwaka 1907 mwanasayansi Mwingereza Francis Galton aliandika katika jarida la sayansi la Nature kuhusu shindano la kukisia uzito wa nyama ya ng'ombe lililofanyika kwenye maonyesho ya mifugo huko Plymouth, Uingereza. Alizipanga kadi 787 za washindani na kukuta kisio la katikati ni pauni 1,207. Uzito wenyewe ulikuwa pauni 1,198. Kila mshindani alikuwa ameandika kisio lake kwenye kadi yake.

Kwa hiyo ndugu watano waliokaa kikao kimoja, mkubwa wao akaanza kusema na wengine wakaitikia, mimi nawahesabu kuwa mshauri mmoja. Nikitaka watano kweli nawaendea mmoja mmoja, na wa pili simwambii alichosema wa kwanza. Ni kazi, najua. Lakini jambo lenyewe si ndilo maisha yako?

Sasa, ukishamwendea, umuulize nini? Hapa ndipo nimejifunza mengi kuliko popote. Nilipoombwa kushika nafasi ya uongozi shuleni, karatasi yangu ilisema sitaki, napenda darasa. Karibu wote niliowauliza walisema nikubali, na wengi walitanguliza pongezi kabla ya kufikiri. Nikaacha kuuliza "unanishauri nini?" nikawa nauliza "wewe umeona nini?" Wengi walikwama. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wao kitanda hicho walikuwa wakikitazama tu kwa mbali. Aliyenisaidia ni mwalimu mstaafu aliyewahi kuishika nafasi ya namna hiyo. Hakusema nikubali wala nikatae. Alinisimulia siku yake ilivyokuwa ikienda: wazazi asubuhi, kutafuta wa kuziba vipindi vya walimu wasiofika, taarifa za kuandika hadi jioni. Kisha akaniambia kwamba alichokosa sana ni kumjua mtoto ambaye wiki hii ameanza kunyamaza darasani. Hilo sikuwa nimeliwaza. Nilikubali nafasi ile kwa sharti la kubaki na darasa moja, na sharti likakubaliwa. Uamuzi huo haukuwemo kwenye karatasi yangu, na hakuna aliyekuwa amenishauri hivyo.

Kuna wakati mtu hakupi alichokiona, anakupa katazo tu. Hapo napenda kisa cha Charles Darwin, mwanasayansi aliyekuja kujulikana kwa nadharia ya mageuzi ya viumbe. Mwaka 1831, akiwa na miaka 22, alialikwa kusafiri na meli ya Beagle. Baba yake alipinga, ila akaacha upenyo: akipatikana mtu mwenye busara atakayemshauri kijana aende, atamruhusu. Darwin alikuwa ameshaandika barua ya kuukataa mwaliko alipokwenda kwa mjomba wake, Josiah Wedgwood. Yakaorodheshwa mapingamizi ya baba, manane kwa jumla, na mjomba akayajibu kwa barua, moja baada ya jingine. Baba akaridhika. Safari ilianza Desemba mwaka huohuo na ikachukua karibu miaka mitano. Mzee akisema "hapana", muulize kwa heshima hapana hiyo ina mambo gani ndani yake, uyaandike. Mara nyingi utakuta mawili ni ya kweli na yanahitaji kushughulikiwa, na yaliyobaki ni hofu yake kwako, ambayo nayo inastahili shukrani.

Yapo pia mambo ambayo nakuomba uipunguze sauti yako. Mwaka 2000 Ilan Yaniv na Eli Kleinberger walichapisha utafiti ambamo watu walikisia miaka ya matukio ya kihistoria, kisha wakaonyeshwa makisio ya wengine. Watu waliyapa makisio yao wenyewe uzito kuliko walivyopaswa. Basi jambo likiwa la kupimika, kwa mfano ujenzi utachukua muda gani au gharama itafika wapi, usiishikilie hesabu yako kwa kuwa ni yako. Tafuta za waliokwisha kuifanya kazi hiyo, uisogeze yako kuelekea kwao. Lakini nani wa kuoa au kuolewa naye, imani yako, kazi utakayoamkia kila siku, hayo mwenye kuyabeba ni wewe, na kura ya wengi haikubebei.

Na mwenye maslahi je? Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Msikilize tu, maana huenda ndiye anayelijua jambo kuliko wote. Ila jiulize angesema nini kama asingepata wala kupoteza chochote.

Maoni yakigongana hadi mwisho, mimi huangalia kama uamuzi unaweza kurudishwa nyuma. Ukiweza kurudishwa, nafuata langu na kupanga tarehe ya kulitazama upya. Usipoweza, onyo la mtu mmoja aliyepitia nalipa uzito kuliko moyo wangu ulio na haraka.

Linalobaki ni waliokushauri usiwafuate, na wengi hulikwepa hili. Tumelelewa na "asiyesikia la mkuu huvunjika guu", kwa hiyo mkubwa akiona umefanya vingine huumia, hasa akisikia kwa watu. Mwendee mwenyewe kabla ya hapo. Shangazi yangu aliponishauri kuhusu ile nafasi ya uongozi, alitaka niliache darasa kabisa nipumzike, na pia nihakikishe malipo yameandikwa kwenye barua. Nilikwenda kwake nikamwambia, "Shangazi, lile la barua nimelichukua, wameniandikia. La kuacha darasa nimeshindwa, na sababu zangu ni hizi." Hakufurahi siku ile, lakini alisikiliza sababu zote, na moja aliipinga. Nilirudi nayo nyumbani nikaifikiria upya.